Borobudur: nunua tiketi ya kupanda, na usiondoke bila kuiona ile meli

Nianze na tiketi, maana hapo ndipo watu wanapolia. Borobudur, lile hekalu kubwa la Kibudha la Java ya Kati nchini Indonesia, lina tiketi za aina mbili. Ya kwanza inakuingiza viwanjani tu: unatembea bustanini, unalizunguka hekalu kwa chini, unapiga picha, unarudi zako. Ya pili inakupandisha juu ya hekalu lenyewe. Zote mbili watu huziita tiketi ya Borobudur, na wauza safari wa mjini Yogyakarta hawana haraka ya kukufafanulia. Kwenye gari tulilopanda walikuwemo mke na mume waliouziwa na wakala mmoja safari ya hekalu, eti kila kitu ndani. Getini wakaambiwa karatasi yao ni ya viwanjani, na nafasi za kupanda siku ile zimejaa. Yule bwana akapiga simu weee, wakala hapokei. Wakabaki chini wanatutazama tukipanda.

Kwa hiyo nunua tiketi ya kupanda, inunue mwenyewe mtandaoni, na uinunue kabla hujapanga jambo jingine lolote la siku hiyo. Nilipokwenda, walioruhusiwa kupanda walikuwa watu 1,200 kwa siku, wamegawanywa kwa saa, na saa unaichagua wewe. Wakati huo mgeni mtu mzima alilipa rupia 455,000, kama dola 28 hivi, na mwenyeji alilipa 120,000. Wapo wageni wanaonung'unikia tofauti hiyo. Mimi sina la kusema, sisi wenyewe Serengeti na Ngorongoro tunafanya hivyo hivyo, tena kwa dola nyingi zaidi. Na ingeweza kuwa mbaya kuliko hapo: mwaka 2022 serikali yao ilitangaza kwamba kupanda kutakuwa dola 100 kwa mgeni na rupia 750,000 kwa mwenyeji. Wananchi wakaja juu, mpango ukafutwa.

Kubana idadi ya watu kuna sababu, na ukifika kwenye ngazi unaiona kwa macho. Mawe yamelika. Hekalu lilijengwa karne ya 8 na ya 9, enzi za watawala wa ukoo wa Sailendra, kwa mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Miaka ya karibuni kabla ya utaratibu huu maelfu walikuwa wakipanda kwa siku wamevaa viatu vya kila aina, na mawe hayo si ya kuota tena. Ndiyo maana sasa kabla ya kupanda unavua viatu vyako, unapewa makubazi wanayoyaita upanat, yamesukwa na wanavijiji wa pale kwa majani ya pandani, jamii ya mkadi wetu huu wa pwani. Ni yako, unaondoka nayo. Nilidhani yatanitesa, lakini soli yake ni laini na inashika jiwe vizuri. Mwenye mguu mkubwa aseme mapema, maana ya namba kubwa hugombaniwa.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, Tanga. Mdogo wangu anasoma shahada ya pili Yogyakarta, nikamfuata likizo ya Juni. Nawaambia hivi ili mjue anayesifia na anayelaumu hapa ni nani: kufundisha kumenipa subira, na magoti yangu si ya msichana. Juni ni mwezi mzuri, kiangazi cha kule kimeshakaa. Novemba mpaka Machi mvua inanyesha hasa, na mawe yale yakilowa sitaki hata kufikiria. Jua lakini halina msimu. Borobudur iko kusini ya ikweta karibu usawa wa Iringa, ila baridi ya Iringa usiitarajie. Chukua nafasi ya asubuhi ya kwanza kabisa. Mdogo wangu, anayependa kulala, alitaka ya saa sita mchana. Nikamwambia saa sita utapanda na dada mwingine.

Mnapanda kwa kikundi na kiongozi wenu. Wa kwetu alikuwa binti wa kijiji cha jirani, kajifunga hijabu yake vizuri, anazungumza Kiingereza cha kueleweka na anacheka upesi. Nasema hivyo kwa ajili ya wale watakaoniuliza, kama walivyoniuliza nyumbani, Mwislamu unakwenda hekaluni kufanya nini. Wanaoishi kulizunguka hekalu hili ni Waislamu, wanaolitunza wengi wao ni Waislamu, na adhana unaisikia ukiwa juu. Wabudha nao huja kwa ibada zao, hasa siku ya Waisak, sikukuu yao ya kumkumbuka Buddha, mwezi wa Mei au Juni, wanapotembea kwa maandamano kutoka hekalu la Mendut mpaka hapa. Ukitaka kuliona hekalu kama nyumba ya ibada, panga siku hiyo na ujiandae kwa umati. Ukitaka kulitazama kwa utulivu, ikimbie.

Sasa jengo. Si jengo la kuingia ndani. Halina ukumbi, halina mlango wa kukupeleka kwenye chumba. Ni kilima kilichovikwa mawe, ngazi juu ya ngazi: sakafu sita za pembe nne, kisha tatu za mviringo, na kileleni stupa moja kubwa, yaani mnara wa Kibudha wenye umbo la kengele. Unapanda kwa kuzunguka. Ukifuata desturi unaanzia mlango wa mashariki na kuzunguka ukiwa umeelekeza mkono wa kulia kwenye hekalu, na kuta za njia hizo zote zimechongwa. Vibao vya michoro ni 2,672, na 1,460 kati yake vinasimulia hadithi. Wamefanya hesabu kwamba ukitaka kuifuata michoro yote kwa mpangilio wake unatembea kilomita kadhaa.

Na hapa ndipo ninapoipunguzia Borobudur nyota moja. Muda wa kundi ni kama saa moja. Saa moja kwa vibao 1,460! Kiongozi anakuonyesha vitano sita, anakupandisha juu kwenye stupa, mnapiga picha, mnashuka. Simlaumu binti wa watu, ratiba haikupangwa na yeye. Dawa yake ni kuamua mapema unataka kuona nini, kisha umwambie kiongozi mkiwa bado chini mnavaa makubazi. Mimi nilimwambia vitu viwili, na vyote akanionyesha.

Cha kwanza ni ndoto ya Malkia Maya, mama yake Buddha, kwenye ukuta wa njia ya kwanza, safu ya juu. Safu hiyo ina vibao 120 vinavyosimulia maisha ya Buddha tangu kushuka kwake kutoka mbinguni mpaka hotuba yake ya kwanza Varanasi, India. Kwenye kibao hiki malkia amelala ubavu, wahudumu wake wamemzunguka, mmoja anamkanda mguu, na juu kule tembo mdogo anamjia, akitua juu ya maua. Nilikaa nacho mpaka kundi likanipita. Mkono wa yule mhudumu kwenye mguu wa bibi yake: jiwe la volkano, gumu, lenye vitundu, na bado unaona kwamba mkono ule unakanda, haukushika tu. Aliyechonga alikuwa amewahi kukandwa.

Cha pili ni meli. Iko njia hiyo hiyo ya kwanza, safu ya chini, upande wa kaskazini. Nitairudia.

Kuna michoro mingine 160 usiyoweza kuiona, nayo ndiyo niliyoitamani kuliko yote. Imefunikwa na msingi. Wajenzi waliuzungushia mguu wa hekalu ukuta mwingine mpana wa mawe, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba walikuwa wanazuia kilima kisimeng'enyuke. Michoro ikagunduliwa mwaka 1885, ikafunuliwa kipande kwa kipande, mpiga picha wa Kijava Kassian Cephas akaipiga picha yote mwaka 1890 na 1891, kisha ikafunikwa tena. Inahusu matendo na malipo yake: wasengenyaji, walevi, wauaji, na kinachowapata baadaye. Kona ya kusini-mashariki imeachwa wazi, na kona hiyo iko chini, huhitaji tiketi ya kupanda kuifikia. Vibao vingine bado vina maandishi mafupi juu yake, maelekezo kwa wachongaji, mathalani pale palipoandikwa kwamba zichongwe nyuso mbaya. Kazi ilifanyika, maelekezo hayakufutwa. Picha za Cephas ziko kwenye makumbusho ndogo ya Karmawibhangga humo humo viwanjani. Wengi wanaipita bila kugeuza shingo, wanakimbilia gari.

Juu kabisa, kwenye zile sakafu za mviringo, kuna stupa 72 zenye matundu, na ndani ya kila moja amekaa Buddha wa jiwe. Picha zake mmeziona. Zilivyopangwa zimefanana na kawa zilizofunikiwa sahani kwenye karamu ya watu wakubwa. Ukichungulia kwenye tundu unamwona amekunja miguu, mikono mbele ya kifua. Zamani watu walikuwa wakipenyeza mkono kumgusa, waliamini inaleta bahati. Sasa ni marufuku, na walinzi wana macho.

Sanamu zilikuwa 504 hekalu zima. Zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi hazina vichwa, na 43 hazipo kabisa. Nyingine zilitolewa zawadi: mwaka 1896 mfalme Chulalongkorn wa Siam, Thailand ya leo, alipozuru, serikali ya Kidachi iliyokuwa ikitawala ilimruhusu aondoke na mikokoteni minane ya sanamu na mawe ya kuchongwa. Zawadi ya mali ya mtu mwingine ni nyepesi kutoa. Mwingereza Raffles, aliyekuwa akiitawala Java wakati huo, anasifiwa kwa kulifufua hekalu mwaka 1814, ingawa aliyefanya kazi ni mhandisi Cornelius na watu 200 wa pale waliofyeka na kuchoma msitu. Darasani nitawaambia wanafunzi hao 200 pia, japo majina yao hayakuandikwa.

Unachokiona leo kimebomolewa na kujengwa upya. Mdachi Theodoor van Erp alikarabati mwaka 1907 mpaka 1911, kisha Indonesia na UNESCO wakafanya kazi kubwa iliyokwisha mwaka 1982: mawe zaidi ya milioni moja yalishushwa, yakasafishwa, ikawekwa mifereji ya ndani, yakarudishwa. Maji yalikuwa yanakula kilima kutoka tumboni. Januari 1985 stupa tisa zikaharibiwa kwa mabomu. Mwaka 2010 mlima Merapi ukalipuka na kulimwagia majivu, watu wakapanda na mifagio. Ukiwa juu asubuhi isiyo na mawingu unauona Merapi upande wa mashariki, unatoa moshi wake bila wasiwasi.

Haya, meli.

Mimi nimezaliwa Pangani. Ngalawa nimeziona kabla sijajua kusoma, na mirengu yake, zile mbao mbili za ubavuni zinazoizuia isipinduke, sikuwahi kuziuliza zimetoka wapi. Kwenye kibao cha Borobudur meli iko baharini, matanga yapo, mabaharia wanahangaika na kamba, na ubavuni, imechongwa wazi bila shaka yoyote, iko mirengu. Imechongwa miaka 1,200 iliyopita. Kiongozi aliponiuliza mbona nacheka nilimwonyesha picha ya ngalawa kwenye simu. Akaita mwenzake aje aone.

Wataalamu wanasema chombo cha mirengu kililetwa upande wetu na mabaharia wa visiwa hivi, wale wale waliofika Madagaska, ambako mpaka leo lugha ina asili ya Borneo. Hayo nilikuwa nayafundisha. Kuyaona jiweni ni habari nyingine. Na wenyewe hawakuishia kwenye jiwe. Kuna Mwingereza, Philip Beale, aliyeona michoro hii akiwa kijana, akaja kutafuta fundi. Meli ikajengwa kisiwani Kangean kwa mkono, kwa vigingi vya mbao badala ya misumari, mirengu ya mianzi. Wakaiita Samudra Raksa. Ikang'oa nanga Jakarta mwaka 2003, ikapita Shelisheli, Madagaska, Cape Town, ikafika Accra, Ghana, mwaka 2004. Meli yenyewe, hiyo hiyo iliyovuka, imewekwa kwenye banda kubwa viwanjani Borobudur. Urefu mita 18 na ushee. Unaizunguka, unaona jinsi mianzi ilivyofungwa kwa kamba, unaona mbao zilivyopauka kwa chumvi.

Na banda lilikuwa tupu! Nje kuna mamia ya watu wanapiga picha za stupa, ndani ya banda tulikuwa sisi wawili na mlinzi. Mdogo wangu, aliyekwisha fika Borobudur na wenzake wa chuo, hakuwa anajua kama ipo. Kama wewe ni mtu wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, au ngalawa umeshawahi kuipanda hata kwa utalii, panga nusu saa ya hapa kabla hujapanga chakula. Makumbusho zote mbili ziko ndani ya viwanja, wewe panda hekalu kwanza, kisha uende kwa miguu yako taratibu.

Usafiri. Hekalu liko kama kilomita 40 kaskazini-magharibi ya Yogyakarta, saa moja na zaidi kwa gari. Yapo mabasi madogo ya Damri, shirika la serikali, ni nafuu na yana kiyoyozi, ila hayaendi kila dakika, na ukiwa na nafasi ya asubuhi hesabu yako inakuwa ya roho mkononi. Ukiita gari kwa simu kutoka mjini utafika bila shida, kurudi ndiko kugumu, kwa hiyo patana na dereva akusubiri. Sisi tulipanda gari la kuchangia kwa sababu ya ubahili wangu. Lilitufaa. Au lala kijijini Borobudur usiku mmoja, nyumba za wageni zipo nyingi na uende getini kwa miguu, na mwakani ndivyo nitakavyofanya nikijaliwa. Kwa wanaotoka nyumbani: ndege za Addis, Doha au Dubai zinakufikisha Jakarta, kutoka hapo kuna treni ya mchana au ya usiku mpaka Yogyakarta, safari ya saa sita saba, na madirisha yake yamejaa mashamba ya mpunga. Kadi yako ya homa ya manjano ibebe kwenye mkoba wa mkononi.

Mawio ya jua yanauzwa sana. Kuwa mwangalifu, kwa sababu mara nyingi safari ya mawio inakupeleka kilima cha Punthuk Setumbu, ambako hekalu unaliona kwa mbali kwenye ukungu. Ni pazuri. Ila si kwenye hekalu, na muuzaji ana wajibu wa kukuambia hivyo kabla hajapokea pesa.

Chakula usikitafute mbele ya geti. Ulizia mangut beong: samaki wa mto Progo, kwenye tui zito lenye pilipili za kutosha kumliza mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga anajua tui. Wali wa pembeni mweupe, kijiko kipo lakini ukila kwa mkono hakuna anayekushangaa. Nyota tano hizo. Ile gudeg ya Yogyakarta, fenesi bichi lililopikwa kwa tui na sukari, mdogo wangu anaiapia. Mimi fenesi la sukari na wali nimelikataa mbele yake na nalikataa hapa. Sala haina tabu, musala upo na vyoo ni visafi. Vinyago vya nje ya geti vinauzwa kwa kupatana, anza na chini ya nusu na utabasamu.

Mchana kabla ya kurudi pitia Mendut, kilomita tatu tu mashariki ya Borobudur, na Pawon ipo katikati. Mahekalu haya matatu yamesimama kwenye mstari mmoja. Mendut ni dogo lakini lina chumba, unaingia, na ndani gizani amekaa Buddha wa jiwe mrefu kama mita tatu, hakukunja miguu, ameishusha kama mtu aliyekaa kitini, na wenziwe wawili ubavuni. Nje kuna mti mkubwa wa jamii ya mkuyu wenye mizizi ya kuning'inia, watoto wanabembea. Huko hakuna kundi wala saa. Ukae utakavyo.

Prambanan wataitaja wote, na wakala atakuuzia ziwe zote mbili kwa siku moja. Ni hekalu la Kihindu, zuri, ila liko upande wa pili wa Yogyakarta, na kuliunganisha na Borobudur ni kuishia kuona barabara. Lipe siku yake. Sisi tulikwenda wiki iliyofuata, jioni, na mdogo wangu akalala mpaka saa nne asubuhi bila kusemwa.